UZI: Ni nani hasa aliyepoteza utoto ndani ya To Kill a Mockingbird? Tuichambue sura kwa sura

Msomaji Mkaidi (mleta uzi)

Wakuu, kila riwaya hii ya Harper Lee inapotajwa, jibu ni lile lile: ni hadithi ya binti mdogo, Scout, anayegundua kwamba dunia ina ubaguzi. Mimi nabisha. Scout anaona mengi, ila anayevunjika ni kaka yake, Jem. Ukimfuata Scout peke yake utafika mwisho ukidhani umesoma kitabu cha malezi mema, kumbe humo ndani mtu asiye na kosa amepigwa risasi 17 na mji ukaendelea na shughuli zake.

Kwa ambao hawajakisoma: kilitoka Julai 1960, mwaka 1961 kikapata tuzo ya Pulitzer. Maycomb ni mji wa kubuni huko Alabama, umechorwa kwa mfano wa Monroeville alikozaliwa mwandishi. Hadithi inaanza kiangazi cha 1933, Scout akikaribia miaka 6 na Jem akikaribia 10, na inaishia usiku wa Halloween 1935. Baba yao, Atticus Finch, ni wakili. Anamtetea Tom Robinson, Mweusi anayesingiziwa kumbaka Mayella Ewell, Mzungu maskini wa miaka 19. Sura ziko 31; 11 za sehemu ya kwanza, 20 za sehemu ya pili.

Sasa rudini ukurasa wa kwanza. Kitabu kinaanza na mkono wa Jem. Ulivunjika kwenye kiwiko alipokuwa karibu kufika miaka 13, na ulipopona, mkono huo wa kushoto ukabaki mfupi kidogo kuliko wa kulia. Mkifika mahakamani mtamkuta Tom Robinson, na mkono wake wa kushoto ni mfupi kwa futi nzima, ulinaswa na mashine ya kuchambua pamba akiwa mvulana. Mikono miwili ya kushoto katika kitabu kimoja si bahati mbaya. Jem anabeba mwilini alama ndogo ya kile kilichomuua Tom.

Na ufa wa kwanza hautokei mahakamani. Uko sura ya 7. Watoto wamekuwa wakiokota zawadi kwenye tundu la mti nje ya nyumba ya akina Radley: senti mbili za zamani, wanasesere wawili wa sabuni, medali, saa mbovu na mnyororo wake. Siku moja wanakuta tundu limezibwa kwa saruji. Nathan Radley anamwambia Jem kwamba mti unakufa. Jem anamuuliza baba yake, Atticus anautazama mti na kusema ni mzima kabisa. Jem anabaki barazani mpaka giza linaingia, na anapoingia ndani Scout anaona kuwa alikuwa akilia. Hapo hakuna neno kuhusu rangi ya mtu. Ni mtu mzima kamdanganya mtoto usoni, ili tu ndugu yake aliyefungiwa ndani, Boo, asiwe na rafiki.

Karibuni tubishane.

---

Bi Kalamu

Mleta uzi, kwa Jem nipo na wewe. Kwa Scout umemwonea.

Scout wako wawili humo ndani. Yupo mtoto wa miaka 6 hadi 8 anayeona, na yupo mwanamke mzima anayesimulia miaka mingi baadaye. Mtoto haelewi. Mwanamke anaelewa, ila ananyamaza makusudi ili msomaji ajaze mwenyewe. Insha nyingi zinaharibika hapa: mwanafunzi anaokota sentensi ya mtoto na kuifanya msimamo wa kitabu, au anaokota kejeli ya mwanamke mzima na kusema "Scout anaamini hivi".

Dawa yake ni rahisi. Piga mistari ukurasa upate safu tatu: anachoona mtoto, wanachosema wakubwa waliopo, anachojua msomaji. Jaza kwa matukio matano au sita tu, usitake kujaza kitabu kizima. Mfano sura ya 15, usiku nje ya jela. Safu ya kwanza: Scout anamwona baba wa mwanafunzi mwenzake, Mzee Cunningham, anamsalimia, anamwulizia mwanawe Walter na ile kesi yake ya shamba. Safu ya pili: wanaume wale hawajibu kitu, Atticus naye kainyamazia. Safu ya tatu: wale watu wamekuja kumtoa Tom wamuue. Scout hakuutuliza umati kwa ujasiri wala kwa hekima. Aliutuliza kwa sababu hakujua uko pale kufanya nini. Akijua, asingeweza. Kwa hiyo ukiandika "Scout anaelewa ubaguzi na kuupinga" kisha ukatoa sura ya 15 kama ushahidi, umeugeuza ushahidi juu chini.

Sura ya 26 nayo ni ya kusoma mara mbili. Mwalimu Miss Gates anaeleza darasa uovu wa Hitler kwa Wayahudi, anaandika neno demokrasia ubaoni kwa herufi kubwa, anasema huku kwetu hatumwonei mtu. Scout anakumbuka kwamba usiku wa kesi alimsikia mwalimu huyo huyo kwenye ngazi za mahakama akisema imefika wakati wale watu wafundishwe adabu, wasije wakafikiri wanaweza hata kutuoa. Anamuuliza Jem inawezekanaje. Jem anamkamata kola na kumtikisa: usinitajie tena ile mahakama. Swali la Scout ndilo zito kuliko yote kitabuni, na hakuna anayelijibu.

---

Kipanga

Swali la mgeni, mnisamehe. Tunajuaje Tom hana hatia? Kwa sababu Atticus kasema? Mbona Mayella naye analia kizimbani?

---

mtu_wa_mahakama

Kipanga, swali lako si la kigeni hata kidogo. Wengi wanaliruka, halafu wanashindwa kueleza kwa nini Jem aliumia vile. Fuata ushahidi kwa mpangilio ulivyotolewa, sura ya 17 hadi 19.

Wa kwanza ni Sherifu Heck Tate. Aliitwa na Bob Ewell usiku wa Novemba 21, akamkuta Mayella kapigwa. Atticus anamuuliza kama daktari aliitwa. Hapana. Anarudia, na jibu ni lile lile. Kesi ya ubakaji, adhabu yake Alabama ya wakati ule inaweza kuwa kifo, na hakuna daktari aliyemtazama mlalamikaji. Kisha anauliza jicho lipi lilivimba. Tate anasema la kushoto. La kushoto lake au lako ukimtazama? Tate anafikiri, anajirekebisha: lilikuwa la kulia la Mayella, upande mzima wa kulia wa uso. Na shingoni? Alama za vidole pande zote, mbele mpaka nyuma.

Shika mambo mawili: uso umeumia kulia, shingo imekabwa na mikono miwili.

Anakuja Bob Ewell. Atticus anamuuliza kama anakubaliana na maelezo ya sherifu, anakubali. Anampa bahasha na kalamu aandike jina lake. Jaji Taylor anamtazama na kumwambia wewe ni wa mkono wa kushoto. Ewell anakasirika kwa sababu haoni mtego uko wapi. Mtu akikutazama akakupiga kwa kushoto, ngumi inatua kulia kwako. Jaribuni wawili mbele ya kioo kama hamniamini.

Anafuata Mayella. Kwanza hakumbuki kama Tom alimpiga usoni, kisha anakumbuka, kisha tena hana uhakika. Anaambiwa amtambue mshitakiwa. Tom anasimama, na ukumbi mzima unauona ule mkono ukining'inia hauna kazi. Angemkabaje shingo pande zote kwa mkono mmoja, huku akimpiga upande wa kulia kwa mkono uliokufa?

Mwisho Tom mwenyewe. Mayella alikuwa amedunduliza vijisenti kwa muda wa mwaka mzima, sarafu saba, ili wadogo zake saba waende mjini kula aiskrimu siku ile nyumba ibaki tupu. Akamwita Tom arekebishe mlango ambao haukuwa mbovu, akamkumbatia na kumbusu. Baba yake akawaona dirishani. Tom akakimbia, kwa sababu kwa Mweusi kubaki pale ni hatari na kukimbia ni hatari.

Tahadhari kwa wanaoandika: haya hayathibitishi kwamba Ewell ndiye aliyempiga binti yake. Atticus mwenyewe anasema ni ushahidi wa mazingira tu, kwamba aliyempiga alitumia zaidi mkono wa kushoto. Lakini kisheria kazi yake ilikuwa kuonyesha shaka ya maana, na hiyo shaka imejaa ukumbi.

Na msichanganye na sinema ya 1962. Kule Gregory Peck anamrushia Tom glasi, anaidaka kwa mkono wa kulia. Kwenye riwaya hakuna glasi. Mkono wa kushoto wa Tom unateleza kutoka juu ya Biblia wakati wa kula kiapo. Mtahini akiona glasi kwenye insha ya riwaya anajua hukufungua kitabu.

---

Kipanga

Asante sana mkuu. Sasa kama ushahidi ni mweupe hivyo, alifungwaje?

---

mtu_wa_mahakama

Kwa sentensi moja. Mwendesha mashtaka, Gilmer, anamuuliza kwa nini alikuwa anampasulia kuni na kumchotea maji yule binti bila malipo. Tom anajibu kwamba alimwonea huruma, alionekana anajitahidi kuliko wengine wote nyumbani kwao. Ukumbi unashtuka na Gilmer anaishikilia hapo hapo. Mweusi kumwonea huruma Mzungu maana yake anajiona yuko juu yake. Kuanzia pale jicho la kulia, bahasha, daktari, vyote vimekwisha thamani. Hilo ndilo somo lenyewe la ubaguzi katika kitabu: wale watu 12 walisikia ushahidi vizuri tu, wakaona kitu kingine kina uzito zaidi.

Jambo jingine linalowachanganya wasomaji wa kwetu ni jopo. Wazee wa baraza tuliowazoea walikuwa wakitoa maoni na jaji hafungwi nayo. Kule Alabama uamuzi wa hatia ni wa jopo la watu 12, na lazima wakubaliane wote. Jaji Taylor yuko upande wa haki: yeye ndiye aliyempa Atticus kesi hii, wakati za aina hiyo huwa anapewa wakili mgeni zaidi mjini, Maxwell Green (jirani yao, Miss Maudie, analidokeza sura ya 22). Lakini "hana hatia" si neno lake kulitamka.

---

Bi Kalamu

Na hapo ndipo kwa Jem. Sura ya 21, jopo likiwa nje, Jem anamwambia Mchungaji Sykes tumeshinda. Haropoki. Ameufuata ushahidi hatua kwa hatua kama alivyoueleza mtu_wa_mahakama na amefikia jibu sahihi. Mchungaji anamjibu kwa upole kwamba hajawahi kuona jopo likiamua kwa Mweusi dhidi ya Mzungu. Mtu mzima Mweusi anajua kilichopo, mtoto wa Kizungu anajua kinachopaswa kuwepo, na wamekaa benchi moja kwenye roshani ya Weusi. Scout anaona waamuzi wanarudi bila kumtazama mshitakiwa, na anajua maana yake. Jaji anasoma kura: ana hatia, ana hatia. Mabega ya Jem yanaruka kila neno likitamkwa.

Kwa hiyo "kutojua" kwa Jem kuna sura yake maalum. Aliamini kwamba ukithibitisha jambo, basi limethibitika.

---

Msomaji Mkaidi

Umenimalizia kazi. Ongeza sura ya 23. Jem kakaa na Scout anachambua watu wa Maycomb katika makundi manne: watu kama sisi, akina Cunningham wa mashambani, akina Ewell wa jalalani, na Weusi. Kila kundi linalidharau la chini yake. Scout anasema yeye anaona kuna aina moja tu ya watu. Jem anamjibu kwamba hata yeye aliwaza hivyo alipokuwa na umri wake. Kisha anasema anaanza kuelewa kwa nini Boo Radley amejifungia ndani miaka yote: ni kwa sababu *anataka* kubaki ndani.

Na mazungumzo yale yanaanza kwa sababu shangazi Alexandra kamkataza Scout asimwalike Walter Cunningham nyumbani, eti ni takataka. Walter ni Mzungu. Msikimbilie rangi peke yake. Kitabu kinajenga ngazi nzima ya dharau kuanzia darasani sura ya 2, Walter anapokataa robo dola ya chakula cha mchana kwa sababu kwao hawachukui wasichoweza kulipa. Mayella yuko ngazi ya mwisho ya Wazungu. Ana makopo sita yaliyobanduka rangi, ameyapanda maua mekundu na kuyatunza, katikati ya uchafu wa jalala. Hana rafiki hata mmoja. Atticus anapomuuliza kama ana marafiki anadhani anamkejeli. Siku aliyobanwa, kitu pekee alichokuwa nacho cha kujiokoa kilikuwa rangi ya ngozi yake, akakitumia.

---

Tumbiri_Msomi

Samahani nawakatisha raha. Mnazungumza utoto wa Jem uliopotea. Utoto wa watoto wa Tom Robinson je? Wako watatu. Tunawaona dakika chache sura ya 25, baba yao amekufa, mama yao anaanguka chini hata kabla Atticus hajasema neno. Tunasimuliwa na Scout, naye alisimuliwa na rafiki yao Dill aliyekuwepo. Msiba mkubwa kuliko wote kitabuni umetufikia kwa mkono wa pili.

Riwaya hii inauliza ubaguzi unamfanya nini mtoto wa Kizungu mwenye moyo mzuri. Ni swali halali, ila tusijidanganye kwamba ni swali zima. Calpurnia, mpishi Mweusi wa akina Finch, kalea nyumba ile miaka yote, na tunaingia maisha yake sura moja tu, ya 12, anapowapeleka watoto kanisani kwake. Hata humo mwenye hoja kali ni Lula, anayeuliza kwa nini Calpurnia analeta watoto wa Kizungu kwenye kanisa la Weusi wakati wao wana lao. Waumini wanamzima na hatumwoni tena. Mimi ningesoma kitabu kizima cha Lula.

Na Atticus si malaika. Sura ya 15 anawaambia watoto kwamba Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ilikuwepo mnamo 1920 hivi, kama chama cha siasa, ilijaribu kumtisha Sam Levy ikaona aibu ikaondoka. Alabama halisi ya miaka ya 1920 Klan ilikuwa na nguvu kiasi kwamba Hugo Black alifika Seneti mwaka 1926 kwa msaada wa kura zake. Mtoto anayemwamini baba yake hapo anadanganywa, na safari hii hakuna Jem wa kulia barazani.

---

mtu_wa_mahakama

Tumbiri, hata kisheria unayo hoja. Aprili 1, 1935 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika shauri la Norris dhidi ya Alabama kwamba kuwatenga Weusi kwenye orodha za waamuzi kunavunja katiba. Shauri hilo lilitokana na Scottsboro: vijana tisa Weusi walioshushwa kwenye treni ya mizigo Machi 1931 na kusingiziwa kubaka Wazungu wawili. Wanane walihukumiwa kifo ndani ya wiki chache. Mahakama Kuu ilipoyatazama madaftari ya waamuzi ya wilaya ile, majina machache ya Weusi yalionekana yamechomekwa baadaye. Kesi ya Tom ni kiangazi cha 1935, miezi michache tu baadaye, jimbo lile lile. Hatumsikii Atticus akilipinga jopo lake kwa msingi huo. Sura ya 23 analizungumzia jopo kirefu na Jem, anaeleza hata kwamba wanawake hawaruhusiwi kukaa humo (Alabama iliendelea hivyo mpaka 1966), lakini kuhusu Weusi kutokuwemo hana neno.

---

Kipanga

Kwa hiyo hiyo Scottsboro ndiyo kesi ya kitabu?

---

mtu_wa_mahakama

Inafanana kwa hewa, si kwa mwili. Scottsboro madaktari waliwapima wasichana, na mmoja wao, Ruby Bates, alirudi mahakamani mwaka 1933 akakana. Jaji James Horton akaifuta hatia ya Haywood Patterson na kuamuru kesi isikilizwe upya. Angalia: hakumwachia huru, aliamuru isikilizwe upya. Patterson akapatikana na hatia tena mbele ya jaji mwingine, na Horton akapoteza kiti chake uchaguzi wa 1934. Kwa hiyo anayeuliza Jaji Taylor angefanya nini, jibu liko hapo.

Karibu zaidi na nyumbani kwa mwandishi, baba yake, A. C. Lee, alikuwa wakili, na mwaka 1919 aliwatetea Weusi wawili walioshitakiwa kwa mauaji. Wote walinyongwa.

---

Bi Kalamu

Naomba niiteke sura ya 24, maana inatuhusu sisi moja kwa moja. Shangazi Alexandra ameandaa chai ya kina mama wa misheni. Wanazungumzia Wamruna, kabila la kubuni la Afrika, jinsi wanavyoishi gizani, na Bi Merriweather macho yanamlenga machozi kwa ajili yao. Dakika hiyo hiyo anaulizwa kuhusu "yule mama", anasema mji umsamehe; Scout anadhani anamsema Mayella, kumbe ni mke wa Tom. Kisha analalamika kwamba mtumishi wake Mweusi amekuwa na uso wa kununa tangu kesi iishe, karibu amfukuze. Wamruna wako mbali, kuwalilia ni bure. Helen Robinson yuko mwendo mfupi kutoka pale, hapati kazi kwa mtu, na kanisa lake limelazimika kufunga milango ili mchango wake utimie dola 10.

Katikati ya chai Atticus anaingia jikoni kusema Tom amepigwa risasi akijaribu kupanda uzio wa gereza. Alexandra anafunika uso kwa mikono, Scout anatetemeka na Miss Maudie anamkemea ajikaze, kisha wanarudi sebuleni na Scout anashika sahani ya biskuti na kuwapitishia wale wale kina mama. Watu husifu ukakamavu wake. Mimi naona ndipo anapojifunza adabu ya Maycomb: kubeba habari ya kifo na kutabasamu. Msomaji Mkaidi, hapo ndipo Scout anapopoteza chake, tena bila kulia.

---

Msomaji Mkaidi

Hiyo nimeikubali nusu. Bila kulia, ndiyo. Lakini linganisha na Dill sura ya 19, anatoka mahakamani akilia kwa namna Gilmer anavyomsemesha Tom. Nje Mzungu mmoja, Dolphus Raymond, anamwambia akikua kidogo hatalia tena. Na Atticus baada ya hukumu anasema wameshafanya hivi zamani na watafanya tena, na wanaolia ni watoto tu. Kipimo cha mwandishi kiko wazi: anayelia bado hajapotea. Kwa kipimo hicho Jem wangu anayelia usiku wa hukumu, anayemzuia Scout asimponde mdudu kwa sababu hajamkosea mtu (sura ya 25), bado yupo. Mtaona nimejikata mguu mwenyewe, ila heri nijikate hapa kuliko kwenye mtihani.

---

Tumbiri_Msomi

😂😂 Tunatunza.

Nikirudi kwa Atticus: mwaka 2015 kilitoka Go Set a Watchman, mswada aliouandika kabla ya huu. Mhariri, Tay Hohoff, alimshauri aiandike upya akianzia utotoni, na ndiyo tukapata tunayoizungumza. Kwenye Watchman Jean Louise (ndiye Scout) ana miaka 26, anamkuta baba yake kwenye mkutano wa baraza la Wazungu wanaopinga Weusi kupewa haki. Tena ile kesi ya zamani imetajwa kwa kupita tu, na humo mshitakiwa *aliachiwa*. Kwa hiyo hukumu ya hatia iliingizwa wakati wa kuandika upya. Msisome Watchman kama muendelezo, mambo hayalingani. Isomeni kama rasimu, mtaona nini kilibadilishwa.

---

Kipanga

La mwisho wakuu. Bob Ewell anawavamia watoto usiku, Boo anatoka kuwaokoa, Ewell anakufa kwa kisu. Sherifu anasema kaanguka kwenye kisu chake mwenyewe. Hii ni haki au ni kulindana?

---

mtu_wa_mahakama

Vyote. Soma sura ya 30 taratibu, maana mazungumzo yanapishana. Atticus mwanzoni anadhani Tate anamficha Jem, na anakataa: hataki mwanawe alelewe kwa uongo. Inamchukua muda kuelewa kwamba anayefichwa ni Boo. Akishaelewa, anakubali. Scout naye anasema kumtoa Boo hadharani ingekuwa kama kumpiga risasi yule ndege mwigaji (mockingbird wa jina la kitabu), aliyekatazwa sura ya 10 kwa kuwa kazi yake ni kuimba tu. Mhariri wa gazeti, Underwood, ametumia mfano kama huo kwa Tom sura ya 25, akaandika kuhusu kuua ndege waimbao.

Ndege wawili, basi. Kwa mmoja sheria ilifuatwa hatua zote, daftari, kiapo, jopo, mpaka akafa. Kwa mwingine sherifu aliipinda barazani usiku ule ule na akaokoka. Mmoja ni Mweusi, mwingine Mzungu wa familia ya mjini. Ukiandika insha ukaishia na "Boo na Tom wote ni ndege mwigaji" umeandika nusu. Nusu nyingine ni kueleza kwa nini kwa Tom hakuna aliyekuwa tayari kusema kaanguka.

---

Bi Kalamu

Na kwa atakayekimbilia sinema badala ya kusoma: shangazi Alexandra hayumo, kwa hiyo chai ya misheni haipo, Wamruna hawapo, na makundi manne ya Jem hayapo. Peck alipata Oscar na alistahili. Lakini mtakachokiona ni kesi ya Atticus. Anzeni sura ya 12 kama muda ni mchache, someni mpaka 26 bila kuruka, kisha mrudi sura ya 7 kwa ajili ya ule mti.